Uso Uliojulikana Kila Nyumba: Habari za Mzee Majuto

Natumaini taa imekwisha kuwashwa, madaftari yako juu ya meza, na mwalimu wa darasa ameandika tarehe ubaoni. Somo letu la leo ni la historia. Lakini hatutasoma habari za mtemi wala za vita. Tutasoma habari za mtu mmoja mchekeshaji.

Labda yuko mzee hapo nyuma anayenung'unika: Tangu lini mchekeshaji akawa historia? Ngoja kidogo, mzee wangu. Nisikilize kwanza, kisha utahukumu.

Fikiri jioni moja pale mwaloni Kirumba. Samaki wamekwisha kupimwa, wachukuzi wamenawa miguu, nao wamejazana katika kibanda cha video, kile ambacho vijana hukiita kibanda umiza. Mbele yao iko televisheni. Mara anatokea mzee mmoja, kofia kichwani, amekunja uso kama mtu anayedaiwa. Hajasema neno hata moja, na tayari watu wanacheka. Hakuna anayeuliza, “Huyu ni nani?” Mtoto aliyebebwa mgongoni anamjua. Huyo ni King Majuto.

Sasa nakuuliza wewe uliyecheka. Ulitoa senti zako mlangoni, mwenye kibanda akazipokea. Je, yule mzee alipata nini? Liweke swali hili kando, tutalirudia.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Amri Athumani. Alizaliwa Tanga katika mwaka 1948, wakati nchi yetu ingali Tanganyika, chini ya Waingereza. Tanga wakati huo ulikuwa mji wa mkonge. Watu wa makabila mengi walikuja kutafuta kazi katika mashamba, na katika mji wenye watu wa kila namna kuna maneno ya kila namna na lafudhi za kila namna. Mtoto mwenye masikio mepesi hupata shule ya kuigiza hapo hapo barabarani, bila kulipa karo.

Alianza kuigiza katika mwaka 1958, naye angali mtoto. Mwalimu wa darasa, simamisha hapa. Wanafunzi, toeni hesabu: 1958 kutoa 1948. Mnapata 10. Mtoto wa umri huo hapa kwetu huchunga ng'ombe wa baba yake. Yeye alikuwa jukwaani.

Alicheza nini? Vichekesho. Mchezo wa namna hiyo ulikuwa umezoeleka katika shule za siku zile: watu wawili watatu husimama mbele ya wenzao, mmoja mshamba aliyefika mjini, mmoja mjanja, mmoja bwana mkubwa anayejivuna, nao hupatana maneno papo hapo bila kuyaandika. Nataka ukumbuke jambo hilo, bila kuyaandika, maana lina maana yake mbele.

Na msidhani kwamba watu wa nchi hii hawakuonekana katika picha kabla ya hapo. Vugiri, karibu na Korogwe, katika milima ya huko huko Tanga, Waingereza walitengeneza sinema za mafunzo tangu 1935 mpaka 1937, na wachezaji walikuwa Waafrika. Zilipakiwa juu ya lori na kuonyeshwa vijijini, huku sauti ikitoka katika sahani za gramafoni. Zilifundisha kilimo, afya, na namna ya kuweka akiba. Halafu katika mwaka 1952 ikatoka sinema ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Mchezaji wake mkubwa alikuwa kijana mmoja karani wa serikali. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa. Ndiyo, ni yeye yule. Miaka 10 baadaye, katika mwaka 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Basi mzee wangu wa nyuma, umeona? Mwigizaji ameingia katika historia kwa mlango wa mbele.

Lakini Amri Athumani hakuwa na mlango kama huo. Hata televisheni haikuwapo.

Hapa nitakawia kidogo. Zanzibar walipata televisheni yao katika mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi. Sisi wa Bara tulikaa bila televisheni yetu mpaka 1994. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kwamba televisheni ni anasa ya watu wachache wa mjini, na fedha za nchi maskini ziende kwanza kwenye shule, zahanati na maji. Redio ndiyo iliyoweza kufika kila kijiji. Nanyi watu wa ziwa mnalijua jambo hili kuliko wengine. Tangu mwaka 1968 mikoa ya kando ya ziwa ilichaguliwa kwa mpango mkubwa wa kisomo cha watu wazima, uliosaidiwa na UNESCO, na makao yake yalikuwa hapa Mwanza. Katika mwaka 1974 likaanza kutoka hapa hapa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya watu waliokwisha kujua kusoma wasije wakasahau. Wako walioilaumu serikali kwa kutunyima televisheni miaka yote hiyo. Mimi siwezi kuilaumu sana. Pengine daftari lililo mbele yako ni mjukuu wa fedha zile.

Hata hivyo kila uamuzi una mtu anayeubeba. Toeni hesabu tena: 1994 kutoa 1948. Mnapata 46. Televisheni ilipoanza Bara, Mzee Majuto alikuwa na miaka 46, na miaka 36 kati ya hiyo alikuwa amekwisha kuimaliza katika kazi ya kuchekesha. Nywele zilianza kumwacha kabla kamera haijamwona.

Je, mchekeshaji aliishije miaka hiyo? Wengine walipata nafasi katika redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi, wajanja wawili ambao nchi nzima iliwajua kwa sauti. Wengine walikuwa katika vikundi vya sanaa. Tangu miaka ya 1980 vikundi kama Muungano vilivuma sana. Kwa kiingilio kimoja mtu alitazama ngoma, sarakasi, akasikia taarab, kisha akachekeshwa. Katika baa na kumbi za starehe wachezaji walitandaza vitu vyao, wakacheza mpaka usiku wa manane, kesho wakahamia mji mwingine. Halafu zikaja kanda za vichekesho, ukawa unaweza kusikia Kiswahili cha Tanga ndani ya basi la Musoma.

Kazi ya jukwaani ilikuwa ngumu, lakini ilikuwa na haki yake moja. Nitawaeleza kwa mfano wa huku kwetu. Mnajua mashindano ya ngoma za Wasukuma, baada ya mavuno, Bagika upande huu na Bagalu upande ule. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja. Nani ameshinda? Aliyevuta watu wengi. Mchezaji akiona watazamaji wake wanahamia upande wa pili, hana budi kutoa jambo jipya: atabeba nyoka, atavaa ngozi ya fisi, atajiangusha chini kama mlevi. Na akifurahisha, hutuzwa hapo hapo. Kicheko kiko mbele yake, na fedha iko mbele yake. Anaweza kuvihesabu vyote viwili.

Picha ya televisheni huvitenga vitu hivyo. Mtu anachekesha Dar es Salaam leo, anachekwa Ukerewe mwakani, naye hayupo.

Baada ya 1994 mambo yalikwenda kasi. ITV ilianza mwaka huo, na nyingine pamoja nayo. Miaka michache baadaye Star TV ikarusha matangazo kutoka Mwanza yenyewe, na watu wa huku wakaona kwamba picha zaweza kutoka ziwani kwenda Dar es Salaam, si kutoka Dar es Salaam kuja ziwani tu. Vikundi vya maigizo, mathalani Kaole, vilicheza katika ITV kila juma. Ikafuata biashara ya filamu za video, kwanza katika kanda, kisha katika sahani ndogo zinazong'aa. Katika biashara hiyo Mzee Majuto alipata ufalme. Hata lile neno King mbele ya jina lake ni Kiingereza, maana yake Mfalme.

Mtazame basi anavyofanya kazi. Mara nyingi yeye ni mzee wa nyumba, mwenye tamaa kidogo, mwenye ujanja usiofika mbali. Anataka fedha bila jasho. Anataka mke wa pili, na wa kwanza amekwisha kumshinda. Anamdanganya kijana, kijana anamdanganya yeye. Wachekeshaji wengi wachanga hukosa shabaha kwa sababu wao wenyewe wanaona wanachekesha: hutoa macho, huruka, hupiga kelele. Majuto hakucheka. Alikasirika kwa dhati kwa ajili ya jambo dogo kabisa, mboga iliyopungua au salamu iliyochelewa, na hasira ile ya kweli juu ya jambo la upuuzi ndiyo iliyotuvunja mbavu. Kinywa chake kilikuwa chepesi kama cha mtu aliyelelewa katika vichekesho visivyoandikwa. Mpe neno moja, atakurudishia matano.

Nadhani kila mmoja wetu alimwona mjomba wake fulani katika uso ule. Ndiyo sababu ukajulikana kila nyumba. Mwenzake, Mzee Small, ambaye jina lake lilikuwa Said Ngamba, alifanya kazi ya namna hiyo hiyo mpaka alipofariki mwezi Juni 2014. Nchi ikiwa na wazee wawili wa namna hiyo kwa wakati mmoja, basi imebahatika.

Turudi sasa kwenye lile swali la mlangoni. Yule mzee alipata nini?

Kawaida ya biashara ile ilikuwa hivi. Mwenye kutengeneza filamu humwita mwigizaji, hupatana naye fedha, pengine kwa mdomo. Kazi huchukua siku chache. Mwigizaji hulipwa mara moja, huenda zake. Filamu huuzwa kwa msambazaji, naye hutoa nakala. Nakala husafiri mpaka Mwanza, hupanda meli mpaka visiwani, ambako pana jenereta na wavuvi waliochoka. Wezi nao hutoa nakala zao. Televisheni huionyesha leo, huirudia sikukuu. Katika safari hiyo ndefu kila mtu njiani hupata chochote: mwenye duka, mwenye kibanda, mwenye jenereta. Aliyechekesha amekwisha kulipwa siku ile ya kwanza, na hesabu yake imefungwa.

Wala si kwetu peke yetu. Vukeni mpaka pamoja nami, twende Kenya, maana huko yuko mzee mwingine ambaye watu wa ziwa wana sababu ya kumkumbuka. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962, miaka 32 kabla ya Bara. Katika televisheni yao ya taifa ulichezwa kwa miaka mingi mchezo uitwao Vitimbi, na ndani yake alikuwamo Mzee Ojwang', pamoja na mkewe wa mchezoni, Mama Kayai. Ojwang' alisema Kiswahili cha Mjaluo wa ziwani. Lugha ya Kijaluo haina sauti ya “sh”, kwa hiyo “shamba” lilitoka kinywani mwake “samba”. Ndugu zetu Wajaluo wa Rorya, mkoani Mara, mnaisikia lafudhi hiyo kila siku sokoni. Ungeapa kwamba Ojwang' amezaliwa kwenye ufuko wa Kisumu.

Basi jina lake la kweli lilikuwa Benson Wanjau, naye alikuwa Mkikuyu.

Ifikirini habari hiyo. Huku kwetu pia wako wanaoiga lafudhi ya Kisukuma ili watu wacheke, na wengine huiga kwa dharau, mtu wa ziwani akionekana mjinga siku zote. Hilo huuma. Ojwang' hakufanya hivyo, kwa maoni yangu. Alikuwa mjinga siku moja, siku ya pili akawa mwerevu, siku ya tatu akaonewa, kama mtu yeyote. Kuiga kwa miaka yote hiyo usemi wa watu wasio wa kabila lako, bila kuchoka na bila kuteleza, si kazi ya mtu anayewadharau. Lazima awe amewasikiliza sana.

Miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua, akashindwa kuendelea na kazi, na wapenzi wake wakachanga fedha ili atibiwe. Alifariki usiku wa tarehe 12 Julai 1915, samahani, nimekosea kusoma, tarehe 12 Julai 2015, katika hospitali ya Kenyatta mjini Nairobi, umri wake miaka 78. Watu walimlilia pande zote. Lakini angalieni: mtu aliyeingia katika nyumba za taifa zima, juma baada ya juma, macho yake yaliponeshwa kwa mchango.

Mambo ya Mzee Majuto yalifika hadharani kwa njia nyingine. Uso wake ulikuwa umetumiwa katika matangazo ya biashara pia, kwa sababu kitu kikisifiwa na mjomba wetu tunakiamini upesi. Katika mwaka 1999 ilikuwa imetungwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Mwalimu, tafadhali andika maneno hayo mawili ubaoni. Hakimiliki ni haki ya aliyetunga kazi. Hakishiriki ni haki ya aliyeshiriki kuifanya, yaani mwimbaji, mpigaji ngoma, mwigizaji. Kwa hiyo sheria ilikuwapo kabla filamu za Majuto hazijaenea. Lakini haki huweza kutolewa kwa sahihi. Mtu akiisha kutia sahihi, karatasi ndiyo inayosema, naye hunyamaza.

Katika mwaka 1918 na 2018 makosa ya tarakimu ni rahisi, kwa hiyo andikeni vizuri: elfu mbili kumi na nane. Katika mwaka huo wa 2018 Mzee Majuto alikuwa mgonjwa sana, akapelekwa India kwa matibabu. Wakati huo yakazungumzwa waziwazi malipo aliyoyapata kwa kazi zake. Waziri aliyehusika na sanaa, Dk. Harrison Mwakyembe, akaunda kamati ya kuiangalia mikataba ya wasanii, ya Mzee Majuto ikiwa miongoni mwake. Baada ya miaka 60 ya kuchekesha, ndipo karatasi zikatolewa kabatini na kusomwa neno kwa neno.

Alifariki jioni ya tarehe 8 Agosti 2018 katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam. Ilikuwa siku ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Alirudishwa kwao Tanga, akazikwa huko. Picha zake hazikuzikwa, na bado huonyeshwa.

Sasa tuingie katika kazi ya darasa. Mwalimu ataandika ubaoni sentensi mbili. Nimezitunga mwenyewe, hazikutoka katika mkataba wa mtu yeyote. Ya kwanza yasema hivi: Msanii amekubali picha yake itumike wakati wowote na mahali popote. Ya pili yasema hivi: Msanii amekubali picha yake itumike katika Tanzania kwa muda wa mwaka mmoja, na ikitumika tena atalipwa tena.

Zisomeni kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, kuanzia benchi la mbele. Msikimbilie. Wapo watakaokwama kwenye neno “wowote”, kwa sababu herufi w na o hufuatana mara mbili. Mwalimu alikate katika silabi: wo-wo-te. Kisha funikeni daftari, na kila mmoja amweleze jirani yake tofauti ya sentensi hizo mbili kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita kama ndiko anakoona wepesi. Mvuvi asiye na mtumbwi na afikiri juu ya mapatano yake na mwenye mtumbwi. Mama aliyekodisha shamba la pamba na afikiri juu ya karatasi aliyoiwekea dole gumba.

Mzee wetu wa nyuma, nakuomba uwe wa kwanza kusoma. Mwalimu atawapa dakika 20. Juma lijalo, saa hizi hizi, tutasoma habari za reli iliyofika Mwanza katika mwaka 1928. Kwaherini.